Kula Mahindi Choma Barabarani Si Unyenyekevu

Msimu wa kura ukianza kunukia, kuna sentensi moja ambayo lazima utaisikia hapa Adams Arcade, iwe ni kwa stagi, kwa kinyozi ama kwa kibanda cha chai: "Lakini yule mheshimiwa ni mtu mnyenyekevu sana." Uliza sababu. Utaambiwa alionekana Ngong Road akila mahindi choma. Alipanda bodaboda bila walinzi. Aliingia soko la Toi akanunua koti la mtumba, na hata hakubishana bei. Ushahidi ni video.

Mimi video ndiyo kazi yangu, kwa hivyo wacha nikwambie kitu ambacho wenzangu hawapendi kusema. Mahindi ya dakika tano ni rahisi sana kupiga picha. Unahitaji simu moja, jua la saa kumi na mheshimiwa anayejua kutabasamu. Unyenyekevu wenyewe ni mgumu kunasa, kwa sababu mara nyingi hutokea wakati mtu anaondoka mbele ya kamera ili mwingine asimame pale.

Nimekuwa nikisoma historia ya kampeni za nchi hii, na nimebaki na kipimo kimoja tu: huyu mtu alimwachia mwenzake nini ambacho angeweza kukishika mwenyewe? Pitisha swali hilo juu ya siasa zetu tangu kabla ya Uhuru, na utaona kwamba ushindi mbili kubwa kuliko zote zilianza na mtu aliyepisha. Utaona pia kwamba mara zote mbili, waliopishwa walisahau haraka. Hilo la pili ndilo linanisumbua.

Mwalimu aliyepisha mara mbili

Wengi wetu tunamjua James Gichuru kama barabara. Unapita Lavington ukienda Waiyaki Way, unasoma kibao, unaendelea na safari. Lakini huyo Gichuru alifanya jambo ambalo sijaona mwanasiasa mwingine wa Kenya akilifanya mara mbili.

Alikuwa mwalimu, amesomea Makerere na kufundisha Alliance. Miaka ya 1940 ndiye aliyekuwa akiongoza KAU, chama cha Waafrika cha wakati huo. Jomo Kenyatta akarudi kutoka Uingereza mwaka wa 1946 baada ya kukaa huko miaka mingi. Mwaka uliofuata, 1947, Gichuru akamwachia uongozi wa chama. Hiyo ni mara ya kwanza.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwaka wa 1960, KANU ilipoundwa kule Kiambu, wajumbe walimtaka Kenyatta awe rais wa chama. Shida ni kwamba Kenyatta alikuwa bado mikononi mwa mkoloni, mbali kaskazini, na serikali ikakataa kusajili chama chenye jina lake juu. Basi Gichuru akakalia kile kiti kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi kwa foleni. Jaramogi Oginga Odinga akawa makamu, Tom Mboya akawa katibu mkuu.

Sasa fikiria mambo yalivyokuwa Februari 1961. Uchaguzi unafanywa, KANU inapata viti 19, KADU inapata 11. Wewe ndiwe rais wa chama kilichoshinda. Mwenye kiti amefungiwa, hajulikani atatoka lini, na gavana Patrick Renison ameshamwita hadharani kiongozi wa kuelekea giza na mauti. Ukitaka kuunda serikali, mlango uko wazi. KANU ikasema hapana: bila Kenyatta kuachiliwa, hatuingii. Ronald Ngala wa KADU ndiye aliyeingia.

Usidhani hawa watu walikuwa malaika. Mboya na Jaramogi hawakuwa wanapatana, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote. Jaramogi alikuwa amezomewa katika baraza la kutunga sheria Juni 1958 aliposema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa watu, na baadhi ya waliokasirika walikuwa Waafrika wenzake. Kazi ya pamoja haikuwataka wapendane. Iliwataka wakubaliane jambo moja lililo kubwa kuliko jina la kila mmoja wao, kisha walishike hata pale linapowagharimu.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Oktoba, Gichuru akamkabidhi KANU. Lakini Kenyatta hakuwa mbunge, kwa hivyo mtu mwingine tena akapisha: Kariuki Njiiri, aliyekuwa amechaguliwa Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, aliachia kiti chake ili Mzee aingie bungeni Januari 1962. Mei 1963 KANU ikashinda, na tarehe 1 Juni tukapata Madaraka.

Kuna kijana mmoja kwenye hadithi hii ambaye watu humsahau. Alikuwa akifundisha uchumi Makerere, kazi ya heshima na mshahara wa uhakika. Mwaka wa 1960 akaiacha akaja Nairobi kuwa ofisa mtendaji wa KANU. Kwa lugha ya leo, alikuja kuendesha ofisi ya kampeni: makaratasi, barua, mipango ya chama. Hakuwa yule wa kushangiliwa jukwaani. Jina lake ni Mwai Kibaki. Mshike hapo, tutamrudia.

Shukrani ya punda

Kabla ya kusonga mbele, angalia kilichompata Jaramogi. Mtu aliyezomewa akilitetea jina la Kenyatta wakati kulitaja kulikuwa hatari alikuwa makamu wa rais wa kwanza wa Jamhuri. Kufikia 1966 alikuwa amesukumwa pembeni, akajiuzulu na kuanzisha KPU. Oktoba 1969 chama hicho kilipigwa marufuku, na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini na serikali ya mtu aliyempisha.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Sitaki kurahisisha, kulikuwa na ugomvi wa kweli kuhusu ardhi, kuhusu uchumi, kuhusu nani rafiki yetu kati ya mataifa makubwa. Lakini somo ambalo wanasiasa walijifunza pale ni baya sana: ukimpisha mwenzako, utajuta.

Na walilikariri hilo somo vizuri.

1992: kila mtu tosha

Agosti 1991 wazee sita walianzisha FORD, Jaramogi akiwa mmoja wao, kudai vyama vingi. Desemba ya mwaka huo sheria ya chama kimoja ikaondolewa. Kwa muda mfupi ilionekana kama Moi amekwisha. Kisha likaja swali la nani atakuwa juu, na FORD ikapasuka katikati. Kundi moja likaitwa la Agip House, lingine la Muthithi House, kama vile ni timu za mtaa zinazogombania uwanja. Likatoka Ford-Kenya la Jaramogi na Ford-Asili la Kenneth Matiba. Kibaki naye alikuwa tayari na DP yake.

Tarehe 29 Desemba 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36. Matiba alipata kama 26, Kibaki kama 19, Jaramogi kama 17. Jumlisha mwenyewe. Zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walimkataa Moi, na Moi akabaki Ikulu.

Ni kweli serikali ilikuwa na redio, ilikuwa na machifu, na ilikuwa na pesa mpaka noti ya shilingi 500 ikabatizwa Jirongo. Kulikuwa na watu waliofukuzwa makwao Bonde la Ufa. Yote hayo yalikuwepo. Lakini hata pamoja na hayo yote, kura za kumwondoa zilipatikana. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema, "Wewe tangulia, mimi nitakusukuma."

Mwaka wa 1997 mchezo ukarudiwa. Moi alipata kama asilimia 40. Kibaki 31, Raila Odinga kama 11, Michael Wamalwa kama 8, Charity Ngilu kama 8. Piga hesabu tena. Miaka mitano ilikuwa imepita na hakuna aliyekuwa amejifunza kutoa.

Maneno mawili Uhuru Park

Ndiyo maana mwaka wa 2002 ni muhimu kwangu. Wamalwa, Ngilu na Kibaki, watu watatu ambao wote walikuwa wamegombea urais mwaka wa 1997, walikaa chini wakakubaliana kwamba Kibaki atatangulia. Ngilu alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kugombea kiti hicho nchini. Kupisha kwake kulikuwa na bei.

Upande wa pili, Moi alikuwa amemchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi, na ndani ya KANU watu wakawaka. Raila, aliyekuwa ameingiza chama chake ndani ya KANU, akatoka pamoja na kina Kalonzo Musyoka na George Saitoti. Tarehe 14 Oktoba 2002, siku ile ile KANU ilipokuwa Kasarani ikimpitisha Uhuru, upinzani ulijaa Uhuru Park. Na pale Raila akasema maneno mawili: "Kibaki tosha."

Simeon Nyachae hakukubali. Aliondoka akagombea kivyake kwa Ford-People, akapata kama asilimia 6. Simlaumu kwa kutaka, kila mgombea anataka. Nataka uone tu kwamba kupisha halikuwa jambo la lazima. Mtu aliweza kukataa, na mmoja alikataa.

Kisha ikaja Desemba. Kibaki alipata ajali ya gari usiku akirudi Nairobi kutoka kampeni, akaumia vibaya na kupelekwa London kwa matibabu. Mgombea hayupo, na kura ni wiki chache zijazo. Kampeni nyingi zingekufa hapo. Ile haikufa, kwa sababu haikuwa imejengwa juu ya miguu ya mtu mmoja. Raila na wenzake wa NARC walizunguka nchi wakimwombea kura mtu aliyekuwa kitandani. Jaribu kuwaza: unasimama mbele ya umati, unakohoa vumbi, sauti imeisha, na jina unalolitaja si lako.

Tarehe 27 Desemba Kibaki alipata asilimia 62. Ni kura zile zile za 1992, ni vile tu safari hii hazikugawanywa. Aliapishwa tarehe 30 Uhuru Park akiwa kwa kiti cha magurudumu, na umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu walipanda miti.

Yule kijana wa makaratasi wa 1960 sasa alikuwa rais, amebebwa hadi Ikulu na timu.

Deni lilipofika Toi

Hapa ndipo hadithi inafika mtaani kwetu.

Kabla ya kampeni, pande mbili za NARC zilikuwa zimetia sahihi makubaliano kuhusu jinsi ya kugawana madaraka wakishinda. Mwananchi wa kawaida hakuwa na nakala mkononi. Baada ya kiapo, upande wa Raila ukaanza kulalamika kwamba makubaliano yametupwa, upande wa Kibaki ukawa unafanya kama hayakuwahi kuwa na uzito. Wahenga pia walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lilikuwepo, ila lilifungiwa kabatini.

Novemba 2005, kwenye kura ya maamuzi kuhusu katiba, serikali ile ile ilijigawa ndizi na chungwa. Chungwa ikashinda kwa kama asilimia 58. Kibaki akavunja baraza lote la mawaziri, na alipoliunda upya, wa chungwa hawakurudi. Miaka miwili baadaye wale waliokuwa wakiinuana mikono Uhuru Park walikutana kwenye debe kama maadui.

Unajua yaliyofuata Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 walikufa kote nchini, maelfu kwa maelfu wakakimbia makwao. Na hapa, kutoka Adams ukishuka kidogo tu kwa miguu, soko la Toi liliteketea. Vibanda vya viatu, vya nguo, vya mboga, mtaji wa watu ambao hawakuwahi kuona yale makubaliano wala kualikwa kwenye mkutano wowote wa kugawana viti. Wafanyabiashara walilijenga tena wenyewe, kibanda baada ya kibanda.

Sisemi kwamba vita vya 2007 vilitokana na makubaliano yaliyovunjwa pekee. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na ukabila wa miaka mingi, kulikuwa na hesabu ya kura isiyoaminika. Lakini ile imani iliyojengwa mwaka wa 2002 kati ya jamii zetu ilikuwa mali ya umma, na ilitumiwa kama tisheti ya kampeni: ukishapiga kura, unapangusia vumbi.

Kwa hivyo mtu akiniambia unyenyekevu wa wanasiasa ni mambo yao wenyewe huko juu, mimi humwonyesha Toi.

Kura tano kwa kila kituo

Mpaka hapa nimetaja wakubwa, na wewe pengine unasema: sawa, lakini mimi si Gichuru wala Raila, mimi nimeitwa tu nisaidie kampeni ya mwakilishi wadi. Basi sikiza hesabu hii.

Mwaka wa 2022 tofauti kati ya William Ruto na Raila ilikuwa takriban kura 233,000. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000. Gawanya. Ni kama kura tano kwa kila kituo. Tano! Ni familia moja iliyoamka mapema. Ni wazee wawili waliopelekwa kituoni na majirani watatu waliokumbushwa kubeba kitambulisho.

Kura tano hazipatikani kwa chopa. Zinapatikana na yule dada aliyepita milango yote ya ploti na daftari, yule jamaa aliyepika chai ya maajenti saa kumi usiku, na ajenti aliyekaa macho mpaka fomu 34A ikajazwa, akaisoma mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi. Hao hawako kwa bango. Na mara nyingi wao ndio wa mwisho kulipwa na wa kwanza kusahauliwa.

Sasa weka hapo kijana mmoja anayetaka yeye ndiye aonekane karibu na mheshimiwa, anayegombania kushika maikrofoni, anayeficha namba za simu za watu wa mtaa ili aonekane wa maana peke yake. Ukiwa na watu kumi wa aina hiyo, una FORD ya 1992 ndani ya wadi moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kichwa kikubwa hakipiti mlango wa ploti.

Kwa hivyo 2027 tufanye nini?

Uchaguzi ni Agosti 2027. Vijana wengi ambao Juni 2024 walikuwa barabarani wakisema hawana kabila na hawana kiongozi, sasa wanaombwa waingie kwenye kampeni za watu, na wengine wanagombea wenyewe. Nawapenda kwa hilo. Lakini "hatuna kiongozi" ni rahisi kusema wakati hakuna kiti cha kugombania. Mtihani utakuja siku vijana wanne wazuri watataka wadi moja, na wa zamani ana asilimia 36 zake mfukoni akisubiri wagawane zilizobaki.

Siku hiyo, mapendekezo yangu ni matatu.

La kwanza, kaeni mapema mwulizane nani anaweza kushinda, na wengine wapishe hadharani, kwa sauti, bila kununa. Gichuru hakupoteza heshima kwa kupisha. Akawa waziri wa fedha wa Kenya huru.

La pili, mnachokubaliana kiandikwe, na watu wa mtaa wakione. Makubaliano ya siri ni mbegu ya fitina. Kama mmeahidiana kazi, semeni. Kama mmeahidi soko lipate maji na taa, bandikeni hiyo karatasi sokoni kwenyewe.

La tatu ni gumu zaidi, na ni kwa mshindi. Unyenyekevu wa kabla ya kura hauna maana sana, maana hapo unahitaji watu na kila mtu huinama akitafuta kitu. Tutakupima kuanzia siku ya kiapo. Wale waliokupisha wako wapi? Unapokea simu zao? Yule aliyekaa na fomu 34A mpaka asubuhi, unajua jina lake?

Kibaki alituacha Aprili 2022. Raila naye alituacha tarehe 15 Oktoba 2025, miaka 23 na siku moja baada ya "Kibaki tosha". Wameondoka wote wawili, na nchi bado inabishana juu ya nani alimkosea nani. Mimi nadhani kuna swali bora la kurithi kutoka kwao: kama waliweza kuibeba nchi nzima kwa miezi miwili na nusu bila kugombania jina, kwa nini walishindwa kuibeba miaka mitano?

Mheshimiwa akija na mahindi yake choma, mwache ale, hakuna ubaya. Wewe muulize tu amewahi kumpisha nani.